Maji ya Moto Yasile Fedha Zako

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Aliyelikosa redioni, au aliyelisikia na sasa ataka kulirudia, alisome hapa polepole, sehemu moja moja.

Natumaini mmeketi vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Leo tutasoma, na tena tutafanya hesabu kidogo. Hesabu hiyo si ngumu. Ni kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, mambo ambayo tumekwisha kujifunza.

Somo la leo lahusu maji ya moto ya nyumbani. Pengine utasema, "Maji ya moto nayajua tangu utoto. Kuna nini cha kujifunza?" Ni kweli, kila mtu ajua kuteleka maji. Lakini si kila mtu ajua kiasi cha kuni, mkaa au umeme kinachopotea kila siku katika kazi hiyo.

Fikiri juu ya nyumba yako. Asubuhi wateleka maji ya chai. Jioni wateleka maji ya kuoga. Katikati ya siku huenda ukachemsha maji ya kunywa. Ikiwa wakaa Njombe, Makete, Mbeya au Lushoto, wajua baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Huko maji ya moto si anasa. Mtoto mdogo na mzee hawawezi kuoga maji ya baridi asubuhi.

Na maji hayo yana gharama. Anayenunua mkaa hulipa fedha. Anayekwenda msituni kutafuta kuni hulipa kwa miguu yake na mgongo wake. Mara nyingi anayelipa ni mama, au binti ambaye angekuwa anasoma kitabu chake saa ile. Kwa hiyo tuanze na neno hili, nalo ndilo somo lote: joto ni mali. Ukiligharimia, kisha ukaliacha litoke bure, umetupa mali yako.

MANENO YA LEO

Tusome pamoja maneno haya kabla ya kuendelea.

Mvuke: maji yaliyogeuka kuwa hewa kwa sababu ya joto.
Digrii: kipimo cha joto. Maji ya moto yana digrii nyingi, ya baridi yana digrii chache.
Mafiga: mawe matatu ya kuwekea chungu au sufuria juu ya moto.
Lita: kipimo cha maji. Ndoo kubwa, kama lile debe la zamani, huchukua lita 20 hivi.

JOTO LINA MILANGO

Unapowasha moto chini ya sufuria, wadhani joto lote laingia katika maji. Sivyo. Joto ni kama mbuzi katika zizi: likiona mlango u wazi, litatoka. Katika moto wa mafiga, ukigawanya joto la kuni katika mafungu 10, fungu 1 au 2 tu ndiyo huingia sufurianzi mwako. Mengine huenda na upepo, na moshi, na mawe, na ardhi.

Basi tutaitazama milango mitatu mikubwa ambayo joto hutokea. Mlango wa kwanza ni kuteleka maji mengi kupita haja. Mlango wa pili ni mvuke. Mlango wa tatu ni moto wenyewe usiotunzwa. Tuitazame mmoja mmoja, na tuone jinsi ya kuifunga.

MLANGO WA KWANZA: MAJI MENGI KUPITA HAJA

Watu wengi huteleka maji kwa kukisia. Huijaza sufuria kubwa, huichemsha, kisha hutumia kiasi, na yanayobaki hupoa. Asubuhi maji yale yale huwashiwa moto tena. Hapo umelipa mara mbili.

Hebu tupime. Maji ya mtoni au ya bomba katika nchi ya baridi huweza kuwa na digrii 15. Maji mazuri ya kuoga yana digrii 40 hivi. Na maji yanayochemka yana digrii ngapi? Pwani, kama Tanga au Dar es Salaam, maji huchemka kwa digrii 100. Lakini kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa digrii chache zaidi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Mahali penye urefu wa mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwa digrii 93 hivi.

Sasa chukua kopo 1 la maji yanayochemka na makopo 2 ya maji ya baridi, uyachanganye. Fanya hesabu katika daftari:

Kopo 1 la moto: 93
Makopo 2 ya baridi: 15 + 15 = 30
Jumla: 93 + 30 = 123
Gawanya kwa makopo 3: 123 ÷ 3 = 41

Umepata maji ya digrii 41. Ndiyo maji ya kuoga. Basi shika kanuni hii: katika nchi ya baridi, kopo 1 la moto kwa makopo 2 ya baridi. Katika nchi ya joto, ambako maji ya baridi si baridi sana, kopo 1 la moto latosha makopo 3 ya baridi au zaidi.

Tuchukue nyumba ya watu 5 katika nchi ya baridi. Kila mtu aoga kwa lita 9 za maji. Katika lita 9 hizo, lita 3 ni za moto na lita 6 ni za baridi. Watu 5 wahitaji maji ya moto lita ngapi? 3 × 5 = 15. Lakini nyumba hiyo, kwa desturi, huchemsha ndoo nzima ya lita 20. Lita 5 zimechemshwa bure. Na lita 5 katika 20 ni robo.

Maana yake ni hii. Katika mizigo 4 ya kuni za maji ya kuoga, karibu mzigo 1 umechomwa bure. Mama amekwenda msituni mara 4, na safari 1 haikumpa faida yoyote.

Anayenunua mkaa naye afanye hesabu yake. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba yatumia kopo 1 la mkaa kwa siku kwa maji ya kuoga, na kopo ni shilingi 2,000. Kwa siku 30 ni shilingi 60,000. Robo yake ni shilingi 15,000. Bei ya kwenu yaweza kuwa nyingine. Futa bei yangu, andika ya kwenu, kisha utafute robo yake. Hiyo ndiyo fedha inayokwenda na maji yasiyotumika.

Kuufunga mlango huu hakuna gharama. Tafuta kopo la kupimia, uhesabu watu, uteleke kiasi chao. Na kwa chai vivyo hivyo: watu wawili wasijaziwe birika la watu kumi.

MLANGO WA PILI: MVUKE

Sasa tazama sufuria isiyo na kifuniko. Maji yanapokaribia kuchemka, waona mvuke ukipanda. Watu wengi huutazama mvuke ule bila kufikiri neno. Kumbe ni mwizi mkubwa.

Kuyatoa maji katika baridi hadi kuchemka kwahitaji joto. Lakini kuyageuza yale yanayochemka yawe mvuke kwahitaji joto jingi zaidi mara nyingi. Joto linalogeuza lita 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 6 za maji ya baridi. Soma sentensi hiyo mara ya pili, ndugu mwanafunzi, maana ni kubwa. Ukiiacha sufuria ichemke mpaka maji yapungue lita 1, umetupa joto ambalo lingewaogesha watu wawili.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. La kwanza, funika sufuria tangu mwanzo. Ikiwa kifuniko kimepotea, sahani ya bati au sinia lafaa. La pili, maji yakichemka, yaepue. Maji yanayochemka kwa nguvu hayana joto zaidi ya yanayochemka polepole. Hata ukiongeza kuni tatu, digrii zitabaki zile zile. Kinachoongezeka ni mvuke tu.

Na maji ya kuoga si lazima yachemke kabisa. Ikiwa sufuria yako ni kubwa ya kutosha maji yote, yapashe moto mpaka yawe ya kuoga, kisha uyaepue.

MLANGO WA TATU: MOTO USIOTUNZWA

Kuni mbichi zina maji ndani yake. Ukiziwasha, moto huanza kwa kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, na sasa wajua mvuke hula joto kiasi gani. Ndiyo sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto dogo. Pasua kuni, uzianike juani, uziweke mahali pasiponyesha mvua. Kuni nyembamba zilizokauka huwaka vizuri kuliko gogo.

Tena zuia upepo. Moto wa mafiga ulio wazi pande zote hupeleka ndimi zake pembeni. Ukijenga ukuta wa udongo au matofali kuuzunguka, na kuacha mlango mmoja wa kuni, ndimi zitakwenda chini ya sufuria. Na sufuria yenye tako pana hupokea joto vizuri kuliko nyembamba iliyo ndefu.

Wenye kutumia mkaa wanalijua jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani yake. Majiko ya namna hiyo yameenea Kenya na Tanzania tangu miaka ya 1980. Udongo ule hulizuia joto lisitoke ubavuni, kwa hiyo mkaa mchache hufanya kazi ya mwingi. Bei yake ni kubwa kuliko jiko la bati tupu, lakini lililotengenezwa vizuri hurudisha gharama yake kidogo kidogo.

Ukimaliza kupika ugali au maharage, usiuache moto ufe bure. Makaa yaliyobaki yaweza kupasha maji ya kuoshea vyombo. Na mkaa ukiwa haujaisha, utie katika kopo la bati lenye kifuniko. Ukikosa hewa utazimika, nawe utautumia kesho.

MAJI YA KUNYWA

Hapa nawaomba msikilize kwa makini, maana ni habari ya afya.

Maji ya mto, ya kisima au ya bomba yenye mashaka huchemshwa ili kuviua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Kazi hiyo isiachwe kwa ajili ya kubana kuni. Lakini wengi wetu tulifundishwa kuyachemsha maji kwa dakika 10, 15, au hata 20. Leo yajulikana kwamba haihitajiki hivyo. Maji yakichemka kabisa, yakatoa mapovu makubwa pande zote, na ukahesabu dakika 1, yatosha. Kwa watu wanaokaa juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka kwa digrii chache, wahesabu dakika 3.

Kisha epua, uyaache yapoe katika chombo kile kile, yakiwa yamefunikwa. Usiyachanganye na maji mabichi ili yapoe upesi, maana vijidudu vitarudi. Aliyekuwa akichemsha dakika 20, sasa ameokoa dakika 17 au 19 za moto kila mara.

KULIHIFADHI JOTO

Ukichemsha maji ya chai asubuhi, na wajua yatahitajika tena saa nne, yatie katika chupa ya chai. Asiye na chupa ya chai atengeneze kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au boksi, ulijaze nyasi kavu, majani makavu ya migomba au matambara. Acha shimo katikati. Weka humo sufuria ya moto iliyofunikwa, kisha uifunike kwa blanketi au mto. Maji yatakaa na joto lake kwa saa kadhaa bila kijiti kimoja cha kuni.

JUA NI MALI YA BURE

Kuna joto ambalo halinunuliwi. Chukua dumu jeusi, au dumu lililopakwa rangi nyeusi kwa nje. Lijaze maji, uliweke tangu asubuhi mahali penye jua jingi na pasipo upepo. Rangi nyeusi huvuta joto la jua, nyeupe hulirudisha.

Tuseme maji yalikuwa na digrii 15, na jioni yamefika digrii 30. Je, umefaidi nini? Kutoka 15 mpaka 41 ni digrii 26. Kutoka 30 mpaka 41 ni digrii 11 tu. Kwa hiyo kazi iliyobaki kwa kuni haifiki hata nusu. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kumbuka, maji yaliyopata joto la jua kwa namna hii ni ya kuoga na kufulia. Usiyahesabu kuwa maji ya kunywa.

WENYE UMEME

Hesabu ni ile ile, ila hulipwa kwa uniti. Kuzichemsha lita 10 za maji ya baridi kwatumia karibu uniti 1 ya umeme. Kuzipasha lita 10 hizo mpaka ziwe za kuoga tu kwatumia kama theluthi ya uniti. Basi tia katika birika la umeme maji unayoyahitaji tu. Na mwenye tangi la maji ya moto alizime likiwa halina kazi, maana tangi hupoteza joto usiku kucha na mita huendelea kuhesabu.

Wanaotumia hita ya kutumbukiza ndani ya ndoo wawe waangalifu. Tumia ndoo ya plastiki. Tumbukiza hita majini kwanza, ndipo uwashe. Kabla hujayagusa maji, zima, na uchomoe waya ukutani. Usiyapime maji kwa kidole hita ikiwa inawaka. Umeme ndani ya maji huua.

HATARI MBILI ZA KUKUMBUKA

Kwanza, usiingize jiko la mkaa linalowaka katika chumba kilichofungwa, hata kama baridi ni kali. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana na isiyo na harufu. Mtu hulala nayo asiamke. Jiko likae nje, au mahali penye madirisha wazi.

Pili, unapochanganya maji ya kuoga, tia ya baridi kwanza katika ndoo au beseni, ndipo uongeze ya moto. Mtoto akitumbukia katika beseni lenye maji ya baridi atalia tu. Akitumbukia katika maji yaliyotoka kuchemka ataungua. Jaribu maji kwa kiwiko chako kabla ya kumwogesha.

TUKUSANYE SOMO LETU

Pima maji kwa kopo.
Funika sufuria.
Maji yakichemka, epua.
Kausha kuni, zuia upepo.
Hifadhi joto katika chupa au kikapu.
Anza na maji ya jua.

Hakuna hata moja katika mambo sita haya ambalo lahitaji fundi kutoka mbali. Waweza kuyaanza leo jioni.

KAZI YA WIKI

Kwa siku 3, teleka maji kwa desturi yenu, na uandike katika daftari kiasi cha kuni au mkaa kilichotumika. Vipande vya kuni vihesabiwe, mkaa upimwe kwa kopo. Kwa siku 3 nyingine, fuata somo hili, uandike tena. Toa hesabu ndogo katika hesabu kubwa. Jibu ulilete darasani. Usiniamini mimi kwa sababu nimesema redioni. Liamini daftari lako.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwenu, nani huleta kuni au hununua mkaa? Hutumia saa ngapi au shilingi ngapi kwa wiki?
2. Kwa nini sufuria isiyofunikwa hupoteza joto jingi?
3. Nyumba ina watu 7. Kila mtu ahitaji lita 3 za maji ya moto. Waiteleke lita ngapi?
4. Mahali mnapokaa, maji ya kunywa yachemke dakika ngapi? Toeni sababu.
5. Ikiwa mtaokoa robo ya kuni au mkaa kila mwezi, muda au fedha hiyo mtaifanyia nini?

Swali la tano lisijibiwe na baba peke yake. Mama aulizwe, na binti pia, kwa kuwa wao ndio wauchukuao mzigo.

Ndugu wanafunzi, somo letu limekwisha. Msomeeni jirani ambaye hajajua kusoma, naye afaidi. Kwaherini, mpaka somo lijalo.